Nyati wa Mzee Fremu

Kosa lenyewe lilitokana na desturi ya Mzee Fremu ya kutotazama picha.

Usishangae. Mtu huyu alikuwa fundi wa fremu tangu ujana wake, karakana yake imejaa picha toka sakafuni hadi darini, lakini ukimuuliza asubuhi ametia fremu picha ya nini, atakujibu urefu na upana. Kazi yake ilikuwa kona. Utamkuta ameiinamia, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, penseli nyekundu imechomekwa juu ya sikio la kulia, anapitisha ukucha kwenye maungio ya mbao. Ukucha ukikwama hata kidogo, fremu nzima inavunjwa na kuanzwa upya. Kilichomo katikati, awe bibi harusi, awe mwenyekiti wa wafuga kuku, hakikumhusu.

"Katikati ni kwa mwenye picha," alizoea kusema. "Mimi ni mtu wa pembeni."

Kwa hiyo alipoletewa picha ya nyati dume, kubwa kama mlango, aliifungia fremu kwa mikono yake mwenyewe. Akaipiga msasa, akaipaka vanishi, akaitundika ukutani na kuipa kisogo. Kumbe alikuwa amejitia kwenye fremu mwenyewe, wala hakujua.

Binti yake, ambaye walifanya kazi pamoja, alikuwa kinyume chake kabisa. Yeye kila picha iliyoingia mlangoni aliitazama, akaicheka, akaihurumia, wakati mwingine akaisalimia. Vidole vyake havikuwahi kukosa gundi ya mbao, na ndiyo sababu kijana mmoja alimpachika jina la Gundi, jina alilolikataa kwa mdomo na kulipokea kwa moyo. Sasa hata shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alimwita hivyo hivyo.

Kijana mwenyewe watu walimwita Mchoraji, na jina lilimtosha. Alianza kwa kuchora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, ng'ombe mwenye macho ya huruma kiasi kwamba wateja walianza kuhamia duka la mboga, na mwenye bucha akamfukuza. Akachora vyura na panzi kwenye vitabu vya shule. Kisha akafuatana na askari wa wanyamapori, akajifunza kulala kifudifudi nyasini tangu alfajiri akingoja pundamilia ageuze shingo. Alikuwa akirudi mjini ameungua na jua, begi limejaa michoro ya kwato, masikio na mikia, na furaha tele usoni ya mtu aliyeliwa na siafu na hakujuta.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Mwili wa mnyama aliuchorea chumbani kwake, halafu akauleta kwa Mzee Fremu bila macho. Fremu ikishafungwa, aliomba kiti, akakaa pale pale karakanani katikati ya vumbi la mbao na kumalizia macho. Alisema mpaka mnyama awe na dirisha lake ndipo utajua anatazama nini. Mzee Fremu alisema huo ni uvivu wa mtu anayetafuta mahali pa kupigia soga. Gundi alimletea kiti.

Na kiti hicho ndicho kilichozaa mambo yote. Mtu akikaa mbele yako akichora jicho la twiga kutwa nzima, nawe unapaka gundi fremu ileile kutwa nzima, mtafika mahali mtazungumza. Walizungumza, wakacheka, wakagombania redio, na siku moja Gundi akajikuta anapanga siku zake kwa kufuata ratiba ya wanyama. Twiga akiisha alihuzunika. Akiletwa chui asiye na macho aliimba akifagia. Alimpenda, basi, na hakuona sababu ya kuzunguka mbuyu.

Mwezi uliopita Mchoraji alipiga moyo konde, akatuma neno la posa kupitia kwa Shangazi. Mzee Fremu hakukubali, hakukataa. Aliuliza tu mtu anayelala nyasini akingoja mnyama ageuze shingo, mkewe atamtazama saa ngapi. Halafu akaongeza kwamba kijana huyu amechora wanyama wa dunia nzima, hata chura amemchora, ila binti anayedai kumpenda hajamchora hata mara moja. Shangazi alimtetea alivyoweza. Lakini hilo la mwisho lilimchoma Gundi mahali pake, maana yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza kimoyomoyo. Hatimaye mzee akasema jibu atalitoa siku ya maonyesho ya kwanza ya Mchoraji, akishaona kama kazi yenyewe ina mbele na nyuma.

Hapo ndipo tulipo. Lakini kabla hatujaingia ukumbini, kuna utani mmoja wa nyumba hii lazima uujue.

Siku moja Gundi alikuwa akishuka ngazi ya karakanani na kioo kikubwa cha mteja mikononi, mguu ukateleza. Mchoraji, aliyekuwa kwenye kiti chake akianza macho ya nyati, alitupa brashi akaruka na kumdaka. Kioo kilisambaratika sakafuni. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwa baba, aliyesimama penye msumeno, lilikuwa: "Kioo changu." Tangu hapo Gundi alipenda kumtania baba yake kwamba angejua mapema angezaliwa kioo. Wote walikuwa wakicheka, naye akiwaongoza kucheka. Lakini kuna siku alipokuwa peke yake neno lile lilimrudia, na siku hizo hakucheka.

Siku ya maonyesho ilifika na jua lake zuri. Ukumbi ulijaa. Watu walijipanga mbele ya chui, wakamnong'oneza twiga, lakini msongamano hasa ulikuwa kwa nyati. Msimamizi wa jumba la makumbusho alikuwa ameshaamua: nyati huyo anamtaka yeye, atundikwe langoni pa jumba lake, mgeni yeyote akiingia akutane naye kwanza. Gari lingekuja kumchukua kesho yake adhuhuri. Kwa mchoraji wa wanyama, hiyo ilikuwa ni kutoka ukutani pa bucha na kuingia mahali ambapo watoto wa watoto wake wangepeleka madaftari yao ya shule. Mchoraji alizunguka ukumbini akiwa na tabasamu ambalo alishindwa kulificha, na kila alipokutana macho na Gundi kwenye umati, wote wawili walitazama chini kama waliofumaniwa.

Mzee Fremu aliingia akiwa na koti lake la heshima. Hakusalimia mnyama yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwa nyati kuona kama wabebaji hawakuitikisa fremu, akainama penye kona, kichwa amekiinamisha upande, miwani kwenye ncha ya pua. Penseli alikuwa ameisahau sikioni.

Shangazi akatokea nyuma yake na glasi ya sharubati. Akafungua mdomo amsalimie, akaufunga. Akamtazama nyati. Akamtazama kaka yake. Akarudi kwa nyati.

"Kaka," akasema, "mbona uko mara mbili?"

Watu wa karibu waligeuka, na wa nyuma wakawafuata. Nyati yule aliinamisha kichwa upande uleule, akitazama kutoka chini ya paji la uso kama atazamaye juu ya miwani. Na juu ya sikio lake la kulia kilikuwa kimetua kindege chembamba chenye mdomo mwekundu, mmoja wa wale wanaokula kupe, kimelala pale pale ilipolala penseli. Aliyeanza kucheka hajulikani. Waliomaliza walikuwa ukumbi mzima, na kijana mmoja alikuwa tayari ametoa simu anapiga picha nyuso mbili kwa pamoja.

Mzee Fremu alijinyoosha taratibu. Picha hakuitazama. Alitazama watu, akafuata macho yao, akapeleka mkono sikioni na kuikuta penseli. Uso ukamshuka. Gundi, aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi, aliuona ukishuka, na furaha yake yote ya siku hiyo ikamwishia.

Alimkimbilia, akamkuta mlangoni. Baba yake alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Jibu langu ulilokuwa ukilingoja, hili hapa. Kesho, kabla gari halijaja, macho yale yafutwe yachorwe mengine. Asipofanya hivyo, habari ya posa asiniletee tena."

Kesho yake asubuhi Gundi na Mchoraji waliirudisha picha karakanani, Gundi mbele, Mchoraji nyuma, wakiwa wameacha ujumbe gari liifuate huko. Waliiegemeza ukutani. Mchoraji akavuta kile kiti chake, akapanga rangi, akamimina mafuta kwenye kikopo. Gundi alisimama akimtazama.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Sikujua. Nilikuwa nachora nyati, Gundi. Ndege wale nimewaona kwa macho yangu wakikaa sikioni. Yale mengine sijui yaliingiaje." Akatazama picha, akatikisa kichwa. "Jana Shangazi aliposema, ndipo na mimi nikaona."

"Na sasa utafuta."

"Nitafuta."

"Hivyo hivyo tu? Na makumbusho wakimkataa?"

"Nitarudi bucha." Alijaribu kutabasamu. Kisha akaacha kujaribu, akamgeukia. "Porini nyati wako wengi, nitalala nyasini mpaka nimpate mwingine. Wewe nitakupata pori gani?"

Gundi alitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Neno lile lilimwingia mpaka kwenye mifupa, na papo hapo likamuudhi, kwa sababu aliyajua macho yale. Tangu yalipochorwa alikuwa akiyapitia kila asubuhi akifungua karakana, na kila asubuhi aliyaonea upendo asiojua umetoka wapi. Hakutaka kuwa sababu ya macho hayo kufutwa. Hakutaka pia kuolewa bila mkono wa baba yake. Akajikuta hana pa kutokea.

"Nataka baba akukubali kwa sababu amekuona," akasema. "Sio kwa sababu umefuta."

"Baba yako haoni katikati, Gundi. Mwenyewe amesema."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wenye machozi karibu. Ndipo Gundi akauliza lile lililomkaa rohoni mwezi mzima: kwa nini hajawahi kumchora. Aliuliza kama mzaha. Mchoraji akashika brashi, akaiweka, akashika nyingine, akaanza kuisafisha na ilikuwa safi. Kabla hajapata la kusema, mlango ukafunguliwa.

Mzee Fremu aliingia na aproni yake, penseli sikioni kama kawaida, maana angeiacha ingekuwa ni kukiri. Nyuma yake alikuja Shangazi, ambaye hakualikwa. Alidai amekuja kuomba radhi, lakini alivuta stuli na kukaa pale panapoonekana kila kitu.

"Shikamoo, mzee," Mchoraji akasimama.

"Marahaba. Umeshafuta?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja uniambie unataka macho gani."

"Macho ya nyati."

"Hayo ndiyo niliyodhani nimechora."

Shangazi akakohoa. Mzee Fremu akamtupia jicho, kikohozi kikaisha.

"Basi yawe yoyote," mzee akasema, "ila yasiwe yangu."

"Sawa, mzee. Hayo yako yakoje, ili nisije nikayarudia?"

Kijana hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza mteja, brashi mkononi. Mzee Fremu alifungua mdomo ajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Gundi amjue, akakosa kipimo. Hakujua macho yale yakoje. Jana alikuwa ameona vicheko, ameona vidole, ameona simu zimeinuliwa. Picha yenyewe alikuwa hajaitazama.

"Nyani haoni kundule," Shangazi akasema kwa upole aliokuwa nao mara moja moja. "Mji mzima umekutazama, kaka. Umebaki wewe."

Mzee akasogea kwenye picha. Alianza kwa kona, mazoea yana taabu. Akapitisha ukucha kwenye maungio, haukukwama. Akafuata ubao wa juu mpaka katikati, akasita kama mtu aliyefika mlango wa nyumba asiyoijua. Kisha akashusha macho na kuingia.

Gundi alikwenda akasimama kando yake, na kwa kuwa alisimama pale alipo baba yake, na yeye akaona asichowahi kukiona. Watu walisema nyati mkali. Huyu hakuwa mkali. Mguu wake wa mbele ulikuwa umeinuliwa na haujakanyaga, kama aliyetaka kukimbilia jambo akagandishwa. Na macho yalikuwa wazi mno. Hayakumtazama adui. Yalitazama kitu fulani chake kinaponyoka.

Mzee Fremu akavua miwani, akaifuta kwa aproni iliyojaa vumbi la mbao, akaivaa ikiwa chafu kuliko mwanzo. Akatazama tena.

"Huyu hana hasira," akasema hatimaye.

"Hana, mzee."

"Anaogopa."

Mzee akanyoosha mkono, akakaribia kuugusa ule mguu uliogandishwa, akaurudisha.

"Siku ile ya kioo," akasema.

Gundi alihisi sakafu imemtoka miguuni mara ya pili, safari hii bila ngazi. Baba yake hakumgeukia. Alisema na nyati, ikawa rahisi zaidi.

"Miguu ilikataa. Nilikuona unakuja chini na kile kioo, nikataka kukimbia, miguu ikakataa. Nikasema, mama yake nimempoteza, na huyu naye ndiyo basi." Akameza mate. "Halafu kikavunjika, nikakuona umesimama mzima. Nikashukuru kuna kitu cha kuulizia."

"Baba," Gundi akasema.

"Ningeulizia wewe ningelia, mwanangu. Na mteja alikuwa mlangoni."

Gundi alicheka na kulia pamoja, akamwekea baba yake kichwa begani, na gundi ya vidole vyake ikashika kwenye aproni. Lile neno la kioo, alilokuwa amelibeba miezi yote akilipaka utani juu, likayeyuka hapo hapo. Kumbe alikuwa akiyapenda yale macho kila asubuhi kwa sababu yalikuwa yakimtazama yeye. Shangazi alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kanga na kulaumu vumbi.

Lakini Mzee Fremu alikuwa mtu wa kukagua maungio, na aliona moja lenye nafasi. Akageuka, miwani kwenye ncha ya pua, kichwa upande, nyati mtupu.

"Ngoja kwanza. Siku ile wewe ndiye uliyemdaka mwanangu."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa ulipata wapi nafasi ya kunitazama mimi?"

"Nilimdaka kwanza," Mchoraji akasema. "Aliposimama, niliinua kichwa nikuambie yuko salama. Ndipo nikakuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaanza kuulizia kioo."

Shangazi alivunjika mbavu juu ya stuli yake. Mzee Fremu alijitahidi kubaki na uso wake, ukamponyoka pembeni mwa midomo. Ila hakuwa amemaliza. Aliona ameshika uzi, akauvuta mpaka mwisho.

"Una macho, kijana, sikukatalii. Mtu umemwona hivyo mara moja tu, tena kwa haraka, ukamtia humu mwenyewe asijijue. Sasa niambie, huyu unayetaka kumwoa, unayekaa naye hapa kutwa, mbona hujamchora?"

Gundi aliinua kichwa begani pa baba yake. Swali lilikuwa lake, limeulizwa na mwingine, na sasa halikuwa na pa kukimbilia. Mchoraji alitazama brashi iliyokuwa mkononi kana kwamba ndiyo imeulizwa. Masikio yalimwiva.

"Nimejaribu, mzee. Chumbani kwangu zimo nyingi. Nywele zipo, mikono ipo, hata gundi ipo kwenye vidole." Akasita. "Nikifika kwenye macho nasahau kuchora. Nakaa tu namkumbuka, mpaka rangi inakauka."

Gundi alimtazama mtu wake aliyeweza kungoja pundamilia tangu alfajiri na kumpata, na akajua sasa kwa nini yeye alikuwa hapatikani. Alijiona tajiri kuliko chui na twiga wote wa ukumbi ule. Akamtabasamia, na Mchoraji akaisahau brashi kabisa, ikamdondosha tone la rangi kwenye kiatu.

Mzee Fremu ndiye aliyeichukua. Aliitoa mkononi mwa kijana taratibu, akaifuta, akairudisha kwenye kopo pamoja na wenzake, na kopo akalisukuma mbali.

"Macho yabaki," akasema.

"Mzee..."

"Nimesema yabaki. Na wazee wako waje wiki ijayo tuzungumze. Waje mchana, nisije nikasema nimewaona vibaya." Akakunja uso, akaonyesha kwa kidole. "Ila hicho kindege ukifute. Hicho ndicho kimenitangaza."

Mchoraji akajikuna kichwa. Alieleza kwa heshima zote kwamba kindege kile kweli hukaa pale, kupe hupenda nyuma ya sikio, na nyati asiye na kindege wake msimamizi wa makumbusho atamrudisha siku hiyo hiyo. Gundi akamuunga mkono. Shangazi akasema kindege kikifutwa na yeye mahari haendi kuzungumza, watafute dada mwingine. Mzee Fremu aliwasikiliza wote watatu, mmoja mmoja, kwa subira ya mtu anayejua kwamba nyumbani kwake sasa wamekuwa wengi kuliko yeye.

Kisha akaichomoa penseli sikio la kulia na kuichomeka la kushoto.

"Haya," akasema. "Sasa hatufanani."

Adhuhuri ilikuwa imefika, na honi ya gari la makumbusho ikalia nje. Wabebaji wawili wakaingia na mablanketi, wakamfunika nyati, wakamnyanyua. Gundi na Mchoraji walirudi nyuma kuwapisha na wakakutana ukutani, na mkono wa Gundi ukaingia, na gundi yake, katika mkono wa Mchoraji wenye rangi. Walisimama hivyo, hawakuona haja ya kuachana kwa kuwa mzee alikuwa amewapa kisogo. Alikuwa akiifuata picha yake hadi kwenye gari, hatua kwa hatua, mikono imetangulia mbele kama anayefundisha mtoto kutembea.

Mbebaji mmoja, aliyemfahamu mzee na masharti yake kwa miaka mingi, akamtuliza kabla hajaambiwa. "Usijali, mzee. Tutaangalia kona zako."

"Kona nimezifunga mwenyewe, hazina neno," Mzee Fremu akamjibu. "Wewe niangalizie katikati."